Oraba Haihitaji Gari Gumu

Toyota walipoionyesha dunia Land Cruiser FJ, Oktoba 2025, hukumu zilitoka kabla mtu yeyote hajashika usukani wake. Wapo waliosema ni dogo mno, halistahili kubeba jina hilo. Wapo waliokasirishwa na injini: petroli ya lita 2.7, kizee cha zaidi ya miaka ishirini kilichokwisha kuzoeleka ndani ya Hilux na Prado, na dizeli hakuna. Wengine walilipekua tumbo la gari kwenye picha, wakakunja uso kwa sababu mbele halina ekseli nzima ya chuma. Hawa ni watu ninaowajua, maana wako kila mji, Kampala, Nairobi, Arusha, Mwanza. Wengi ni wanaume, wana kumbukumbu ya ajabu ya namba za injini, na wiki nzima huendesha kati ya nyumbani na ofisini juu ya lami.

Hugombana juu ya kila kitu isipokuwa jambo moja. Wote wanaamini kwamba mahali fulani pana matope na mawe panapolisubiri gari la namna hii, kwamba huko ndiko gari hupimwa likajulikana, na kwamba huko ni Afrika ya pembezoni. Nchi ngumu, gari gumu. Kwa imani hiyo Land Cruiser ya zamani imetangazwa kuwa mtakatifu. Kwa imani hiyo Defender mpya ya 2019 iliitwa msaliti kwa kuacha chasisi ya ngazi. Na kwa imani hiyo tajiri wa Kiingereza, Jim Ratcliffe, alianzisha kampuni nzima ya magari ili amfufue marehemu, Defender ya zamani iliyoacha kutengenezwa Januari 2016.

Basi tuje huko pembezoni wanakokutaja, tuone.

Oraba ni kituo cha mpaka katika wilaya ya Koboko, kaskazini magharibi kabisa mwa Uganda. Ukivuka uko Kaya, Sudan Kusini, na dereva anahama upande wa barabara, maana sisi tunaendesha kushoto na wao kulia. Congo nayo iko jirani, na huko pia ni kulia. Kwa mtu wa Kampala, Koboko ni mbali. Oraba ni mbali ya mbali. Ukimwambia unakwenda huko atakuuliza, kwa huruma kabisa, unakwenda na gari gani.

Sasa simama pale mpakani asubuhi uhesabu kinachopita. Utaona malori yenye saruji, unga, sabuni na bia. Utaona Fuso zilizopakiwa hadi turubai limevimba. Utaona HiAce za abiria, Premio na Noah za mtumba, na pikipiki za Boxer zisizo na idadi, moja na magunia, nyingine na mama, watoto wawili na kuku. Halafu, baada ya muda, itapita ile nyeupe: Land Cruiser hardtop yenye mlingoti wa redio mbele, mkonga wa kuvutia hewa ubavuni na nembo mlangoni. Vile vya kwanza ndivyo vinavyoibeba Oraba. Ile nyeupe, mara nyingi, inabeba mkutano.

Mpenda magari atasema: ndiyo, lakini leo kuna lami. Ni kweli. Barabara ya kutoka Vurra, mpaka wa Congo, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, iliwekwa lami katika muongo uliopita kwa fedha za Benki ya Dunia. Kabla ya hapo ilikuwa changarawe nyekundu: kiangazi vumbi, masika utelezi. Lakini swali langu ni kuhusu wakati huo huo wa vumbi na utelezi. Nani aliyekuwa akipita? Idi Amin alipoangushwa 1979, watu wengi wa West Nile, eneo hili la Arua na Koboko, walikimbilia Zaire na Sudan, na waliporudi katika miaka ya 1980 walirudi na njia za biashara vichwani. Hapo ndipo walipozaliwa vijana ambao Arua nzima iliwaita Opec Boys, waliouza petroli ya magendo kando ya barabara katika madumu na chupa. Kwa miaka mingi mji ulitegemea sana mafuta yao, na mengi yalivuka mpaka nyuma ya baiskeli. Baiskeli, ndugu yangu. Chombo kisicho na difu, kisicho na gia ya matope, kinachoendeshwa na mtu mwenye ndala, ndicho kilichoyanywesha hayo magari magumu.

Mwenye shaka na aende kwenye rekodi ambayo wapenda magari wenyewe wanaiheshimu kuliko zote. Safari Rally ilianza 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na katika miongo yake miwili ya kwanza njia yake ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika: kilomita elfu kadhaa za matope, vumbi, mito iliyofurika na mawe. Hakukuwa na mtihani mkali kuliko huo. Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakafika saba. Mwaka 1968 mambo yakawa yale yale: zaidi ya 80 yalianza, saba yakafika. Mara zote mbili aliyeshinda ni Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, na mara zote mbili waliendesha Peugeot 404. Hilo ni gari la familia, lenye milango minne na buti, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Baada ya mashindano ungeweza kulipakia shangazi zako ukawapeleka harusini.

Endelea na orodha. Joginder Singh alishinda 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeondoka wakati Amin alipowafukuza Wahindi, alishinda mara tano, zote na Datsun: 1973, kisha mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ford Escort ilishinda. Peugeot 504 ilishinda. Gari la kwanza lenye magurudumu manne yanayovuta kushinda lilikuwa Audi, mwaka 1987, miaka 34 baada ya mashindano kuanza, na hata hilo lilikuwa saluni. Pekua orodha yote ya washindi kutoka juu hadi chini: hakuna Land Rover hata moja. Land Cruiser pia hakuna.

Nimewahi kulitoa jambo hili mbele ya wapenda magari na jibu lao ni lile lile kila mara. Wale wa mashindano, wanasema, walikuwa na mafundi na gari la spea nyuma yao. Mtu wa kawaida hana.

Naam. Umelisema mwenyewe. Joginder mwenyewe alikuwa fundi, mtoto wa gereji, na alijua kusikiliza gari linapougua kabla halijalala. Kilichoivusha Peugeot kwenye matope ya Uganda ni mtu aliyejua kuitengeneza na kifaa kilichokuwa karibu. Ugumu wa gari, tangu hapo, umekuwa gereji. Chuma ni sehemu ndogo ya hadithi, na ndiyo sehemu pekee ambayo wapenda magari huitazama, kwa sababu ndiyo pekee inayoonekana kwenye picha.

Tazama wanachokisifu na wanachokilaani. Grenadier ya Ratcliffe ilipoanza kutoka kiwandani Hambach, Ufaransa, mwishoni mwa 2022, walishangilia ekseli zake, kazi ya Carraro wa Italia, watu waliozoea kutengeneza ekseli za matrekta. Kweli ni ekseli nzuri. Lakini juu ya hizo ekseli kuna injini ya BMW ya lita tatu na gia boksi ya ZF ya gia nane, vyote viwili vikiongozwa na kompyuta. Taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi huko Ludara, wilayani Koboko, masika, utaishangilia ekseli hadi lini? Nani Koboko ana mashine ya kuzungumza na injini hiyo? Na kitu kingine. Katika nusu ya pili ya 2024 kiwanda kile kilisimama kwa miezi kwa sababu aliyekuwa akiwauzia viti alifilisika. Gari lililobuniwa lisishindwe na mlima wala mto lilishindwa na kiti.

Wakati huo huo Land Cruiser FJ inatukanwa kwa kuwa na injini kongwe. Kwa mtu wa Arua, ukongwe huo ndio sifa yake ya kwanza! Injini hiyo ya petroli imo ndani ya maelfu ya Hilux na Prado zinazotembea Afrika Mashariki. Kuna mafundi wanaoifungua na kuifunga bila kitabu. Spea yake ikikosekana Arua, unapiga simu Kisekka, soko la spea la Kampala, kifaa kinapakiwa kwenye basi la usiku, kinasafiri karibu kilomita 500, na asubuhi unakipokea stendi. Sisemi FJ ni gari zuri. Sijaliendesha, na wanaolihukumu wengi wao hawajaliendesha pia. Nasema hoja inayotumika kulishusha ndiyo ingestahili kulipandisha, na kwamba mtu anayekosea hivyo hajui anazungumzia nchi gani.

Kama kuna somo ambalo Afrika Mashariki ililipia kwa fedha taslimu, ni lile la Mobius. Joel Jackson, kijana wa Kiingereza, alikuja pwani ya Kenya, akaona watu wakihangaika na barabara mbovu, akahitimisha kwamba wanakosa gari. Gari lililoundwa kwa ajili ya barabara za Afrika: ndivyo lilivyouzwa kwa umma. Mobius II ilitoka 2015 kwa shilingi 950,000 za Kenya. Ilikuwa ya mabomba ya chuma, nyepesi, imeinuka juu, haina mapambo, na ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Wapenda magari walicheka hilo la magurudumu ya nyuma, na mimi naona hapo ndipo Jackson alipokuwa sahihi kuliko wote. Waliolicheka wangemcheka na Nowicki. Alipokosea ni kwenye imani yenyewe. Kwa laki tisa na nusu Mkenya alipata Toyota ya mtumba yenye kiyoyozi, yenye spea Kirinyaga Road, inayojulikana na kila fundi kuanzia Lokichoggio hadi Lungalunga, na ambayo angeiuza kesho kwa bei ya kueleweka. Toleo la pili likapanda hadi milioni 1.3. Mobius III ya 2021 ikakaribia milioni nne, na kufika hapo haikuwa tena gari la mkulima. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kufungwa, kisha akajitokeza mnunuzi kutoka nje akaichukua. Barabara mbaya hazikuiua Mobius. Iliuawa na Probox.

Probox, kwa wasioijua, ni gari dogo la mizigo ambalo Toyota walilitoa Japani mwaka 2002 kwa ajili ya wauzaji wa vifaa vya ofisi na watu wa namna hiyo. Hakuna mtu aliyelipaka matope ili alipige picha ya tangazo. Linapanda milima ya Meru na miraa, linavuka vumbi la Tarime na abiria wawili kwenye kiti cha dereva, na likivunjika springi linafungwa mpira wa tairi na kuendelea. Mpenda magari akiliona hafikirii kuwa ameona gari gumu. Anaona aibu kidogo kwa niaba yake.

Hapa nitakubali jambo, maana si haki kumnyima mtu hoja aliyo nayo. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyozinduliwa 1984, ni mashine ya heshima. Injini yake maarufu ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, imekuwapo tangu 1990, na pampu yake ya dizeli ni ya vyuma, haiulizi kompyuta ruhusa. Dizeli yetu inauliza maswali mengi. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mwaka 2015 kiliruhusu salfa sehemu 50 kwa milioni, wakati injini mpya za Ulaya zimeundwa kwa dizeli ya sehemu 10, na hapo bado hatujazungumzia maji na mafuta ya taa anayoyaongeza muuzaji asiye na haya. Injini ya zamani inakunywa hayo ikakohoa kidogo ikaenda. Ya kisasa, nozeli zake zenye matundu membamba kama unywele, inalala. Kwa hiyo anayesema teknolojia mpya ni dhaifu kwetu hajasema uongo. Amesema tu jambo linalohusu kituo cha mafuta, akalipa jina la chasisi.

Na hata huo utakatifu wa hardtop una wahudumu wake ambao hawatajwi. Magari meupe mengi unayoyaona West Nile hayakununuliwa na mtu dukani. Yalipitia Gibraltar, kwa kampuni inayoitwa Toyota Gibraltar Stockholdings, ambayo kazi yake ni kuyaandaa magari ya Toyota kwa ajili ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya misaada: kuyafunga redio, matangi ya ziada, vizuizi vya mbele, kisha kuyapeleka pamoja na vichujio na spea. Kila shirika kubwa lina karakana, ratiba ya sevisi, dereva aliyefundishwa, na fedha ya mfadhili ya kubadilisha tairi kabla haijaisha. Mpe mtu Noah yenye huduma hiyo uone itaishi miaka mingapi. Tumekuwa tukiitazama bajeti ya Geneva na kuiita ugumu wa Kijapani.

Najua atakayenikumbusha Bidibidi. Vita vilipofumuka tena Juba Julai 2016, watu walimiminika kuingia West Nile, Oraba ikiwa moja ya njia zao, na mwezi uliofuata kambi hiyo ya wakimbizi ikafunguliwa Yumbe kwenye pori lililotandaa hadi likafika kilomita za mraba kama 250. Ndani ya miezi michache walikuwa zaidi ya robo milioni. Katika wiki zile, penye miti na vichaka na bila njia, hardtop ya kubeba mgonjwa ilistahili kila shilingi. Sina ubishi. Lakini kilichofuata? Greda ziliingia, njia zikachongwa, makalvati yakawekwa, na mara tu njia zilipopitika walifika vijana wa boda na Boxer zao za cc 100. Hao ndio wanaompeleka mama kliniki saa nane za usiku leo. Gari gumu lilikuwa la siku za dharura. Maisha ya kila siku yaliletwa na greda.

Arusha nao wana la kusema, maana Oktoba 2024 walifanya tamasha la Land Rover na mji ukajaa msururu wa magari ya zamani na mapya, mengine yana umri wa kustaafu. Nilifurahi kuona picha zake kama mtu mwingine yeyote; Land Rover ya zamani ina sura ya mzee asiye na makuu. Wapo waliosema tamasha lile ni ushahidi kwamba chuma cha zamani hakifi. Arusha ina kampuni za utalii ambazo kwa vizazi zimeendesha Land Rover mbugani, kwa hiyo ina mafundi, wachomeleaji, wachonga bushi, na maduka yenye kila nati. Chukua Land Rover 110 moja kati ya zile, uilete Oraba uiache peke yake. Baada ya masika mawili itakuwa banda la kuku, na wala si kosa lake.

Nimefika kwenye sababu inayonifanya niandike kwa ukali. Imani hii ingekuwa mchezo wa watu wazima, ningeiacha. Kila mtu na ugonjwa wake. Wengine wanafuga njiwa. Lakini imani ya gari gumu imehama kutoka kwa wapenda magari ikaingia serikalini, na huko inagharimu. Mwaka 2021 kila mbunge wa Uganda alipewa shilingi milioni 200 za kununulia gari, na Bunge lile lilikuwa na wabunge 529. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya bilioni 100. Utetezi ulikuwa nini? Kwamba wabunge wana majimbo ya mbali, na barabara huko ni mbaya. Yaani ubaya wa barabara, ambao wao ndio waliotumwa kuushughulikia, ukawa sababu ya kuwanunulia kinga dhidi yake. Shimo likishakuwa sababu ya kununua gari, nani atalifukia?

Mkubwa aliyeketi ndani ya gari lenye springi ndefu, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, haipati habari ya barabara. Habari hiyo unaipata mgongo wa abiria wa HiAce. Inaipata nyanya iliyotoka Koboko ikiwa nzima ikafika ikiwa rojo. Gari gumu ni njia ya kistaarabu ya kutosikia. Ndiyo maana naliona ni adui wa barabara kuliko mvua.

Na lina mipaka hata kwa mwenye nalo. Mwaka 2024 daraja la Karuma, lililojengwa enzi za uhuru na ndilo mlango wetu mkuu wa kwenda Kampala, lilifungwa kwa ukarabati. Mto Nile haukumuuliza mtu ana gari gani. Mwenye V8 alizunguka, mwenye basi alizunguka, na bei ya bidhaa Arua na Koboko ilizunguka pamoja nao ikarudi imepanda. Hakuna gia ya matope ya kuvuka maporomoko ya Karuma. West Nile ni nchi ya madaraja mawili, Karuma na Pakwach. Siku moja likitetereka tunajua sote, mwenye hardtop na mwenye Boxer, kwamba tatizo halikuwahi kuwa gari.

Jibu la mpenda magari hapa huwa la upole: lakini si tunaweza kuwa na vyote viwili, gari zuri na barabara nzuri? Tungeweza, kama fedha na hasira zingekuwa hazina mwisho. Lakini mtu akishanunua gari linalomvusha, hasira yake inaisha siku hiyo hiyo. Hapigi simu wilayani, haendi kwenye kikao, haulizi mgao wa barabara umekwenda wapi. Wenye sauti wakitoka mmoja mmoja namna hiyo, shimo linabaki na wasio na sauti. Niliona hilo kabla ya lami na ninaliona hata sasa kwenye njia za pembeni zinazoshuka kutoka barabara kuu kwenda vijijini, ambako mwenye uwezo ana pikapu iliyoinuliwa na jirani zake wana miguu.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya akiba ununue gari la kufanyia kazi huku, usiniulize urefu wa tumbo lake kutoka ardhini. Kabla hujalipa, nenda gereji tatu za Arua, uliza wangapi wamewahi kuifungua injini hiyo. Uliza bushi na bol jointi zake zinauzwa wapi na kwa bei gani, kwa sababu hizo ndizo zitakazokufa kwanza, ekseli itakuwa bado inacheka. Uliza tairi ya saizi yake ipo Koboko au ni ya kuagiza. Uliza atakayelinunua kwako baada ya miaka mitano ni nani. Majibu yakiwa mazuri, umepata gari gumu, hata kama ni Premio yenye kapeti la maua.

Na ninyi mtakaoapishwa kutuwakilisha Kampala, pokeeni posho ya gari kama hamuwezi kujizuia. Lakini barabara ya Koboko kwenda Yumbe hadi Moyo ni zaidi ya kilomita 100, na Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake 2020, baada ya watu wa huku kula vumbi kwa vizazi. Safari yenu ya kwanza ya kuikagua, masika, fanyeni kwa HiAce ya abiria, kiti cha nyuma kabisa, na mlipe nauli yenu wenyewe.